Kioo cha Baal Shem Tov au kamera ya Ashlag, uanze na kipi?

Naanza na luku maana bila luku hii mada isingenikamata. Tunakaa wapangaji wanne nyumba moja, mita ni moja, kila mwezi tunachanga hela sawa kwa sawa, mwenye zamu ananunua tokeni anaingiza, na kila mwezi ikifika wiki ya tatu uniti zinakata. Mimi jibu nilikuwa nalo tayari. Chumba cha mwisho anakaa mama mmoja fundi cherehani, pasi yake haipoi, asubuhi pasi, usiku pasi, nikipita mlangoni kwake nasikia harufu ya kitambaa kilichopata moto natamani kulia. Nikawa namwona mwizi. Siyo kwamba nilimhisi jamani, nilimwona, akicheka naona anachekea hela yangu, akinisalimia naona ananizuga. Kipindi hicho hicho ndo nilikuwa nasoma mambo ya Kabala, ile elimu ya ndani ya Wayahudi, nikakutana na wazo lao kwamba unachokiona nje ni kama kioo, kinabeba sura ya kilichoko ndani yako, nikasema sawa, kama ni kweli basi lijaribiwe kwenye luku.

Shida ni kwamba hilo wazo halina mwenyewe mmoja. Ukienda kwa Baal Shem Tov na Wahasidi wake, lile vuguvugu la dini la Kiyahudi la Ukraine ya miaka ya 1700, unalikuta na maana yake, ukienda kwa Ashlag wa Jerusalem miaka ya 1900 unalikuta na maana nyingine, ukirudi nyuma Safed, mji wa Galilaya, miaka ya 1500 nako lipo na halifanani na hao wawili. Sisi wasomaji wa mtandaoni tunayatia yote sufuria moja, tunaongezea na maneno ya mamotivesheno spika, unatoka uji ambao hata mgonjwa hanywi. Kwa hiyo hapa nimejaribu kuwatenganisha, kesi inabaki ile ile ya luku, tuone kila mmoja anakutuma ukafanye nini.

Nitangulize tu kwamba mi siyo Myahudi, na hawa wote ninaowataja walikuwa watu wa Torati hasa, wanashika Sabato, wanasali mara tatu kwa siku, mafundisho yao yameota kwenye udongo huo. Kuchukua kioo ukaacha hayo mengine ni kula kachumbari ukaacha pilau, unaweza, ila usiende kusimulia watu kwamba umekula harusini.

Mzizi wenyewe uko kwenye Zohar, kile kitabu kikubwa cha Kiaramu kilichoanza kuonekana Hispania mwishoni mwa miaka ya 1200. Mapokeo yanasema ni cha Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2, wasomi wengi wa leo wanamtaja Moses de León aliyefariki 1305, hiyo kesi tuwaachie wenyewe. Humo kuna mahali panasema dunia ya chini muda wote iko tayari kupokea, na ya juu inaipa kulingana na ilivyokaa: huku chini kukiwa na uso unaong'aa, juu nako wanaiangazia, huku kukiwa na huzuni, inashukiwa na hukumu ya kufanana nayo. Angalia hapo vizuri. Kioo kilianza kati ya mtu na Mungu. Jirani bado hajaingia kwenye stori.

Aliyemwingiza jirani kwa nguvu ni Baal Shem Tov. Jina lake Israel ben Eliezer, alizaliwa kama 1698 akafariki 1760 kwenye mji wa Medzhybizh, Ukraine ya leo, na ndiye baba wa Wahasidi. Yeye kitabu hakuandika, tunachojua kimetoka kwa wanafunzi, kitabu cha kwanza kabisa cha Kihasidi kuchapwa ni cha mwanafunzi wake Yaakov Yosef wa Polonne, mwaka 1780, mzee kashaondoka miaka 20. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Baal Shem Tov alisema neno kwa neno hivi na hivi, mpe maji anywe kwanza.

Ila mafundisho mawili yake yamebebwa na wengi. Moja ni la Zaburi 121:5. Biblia yetu inasema "BWANA ni uvuli mkono wako wa kuume", na mtafsiri hajakosea, ni uvuli kabisa kama wa mwembe. Lakini Kiebrania neno ni moja, tzel, uvuli ndo hilo na kivuli ndo hilo. Sisi tuna maneno mawili na kwa utajiri huo huo tunapitwa na utamu, maana Baal Shem Tov aliusoma ule mstari hivi: Mungu ni kivuli chako, ukinyoosha mkono nacho kinanyoosha, ukiukunja nacho kinaukunja. Ukiwa mkarimu huku, ukarimu unakujia, ukibana unabanwa. Levi Yitzchak wa Berdychiv, rabi mwingine wa Kihasidi, ndiye aliyelirudia sana hilo.

La pili ndo lilionimaliza. Kwenye Mishna, ule mkusanyo wa zamani wa sheria za Kiyahudi, kuna sehemu ya sheria za ukoma, inasema mtu anaweza kuyaona mapigo yote isipokuwa mapigo yake mwenyewe, maana yake kuhani hawezi kujikagua. Hiyo kwetu ni nyani haoni kundule, imeisha. Lakini neno la Kiebrania la "isipokuwa", chutz, ndilo hilo hilo la "nje". Wahasidi wakasogeza kituo kidogo tu na sentensi ikageuka: mapigo yote mtu anayoyaona nje, ni mapigo yake mwenyewe. Yaani nyani sasa anaambiwa hilo unalolicheka kwa mwenzio unalijuaje kama huna. Na kabla yao Talmud, ile mijadala mikubwa ya marabi wa kale, ilishasema anayewatia watu dosari huwa anawatia dosari aliyonayo yeye.

Kuna kisa wanachosimulia, kwamba siku moja Baal Shem Tov alimwona mtu anavunja Sabato. Yeye mwenyewe Sabato hajawahi kuivunja, kwa hiyo kioo kimedanganya? Akakaa akajichimba mpaka akakumbuka kuna siku alisikia msomi wa Torati anadhalilishwa akanyamaza, na Zohar inamwita msomi wa Torati "Sabato". Mi kwa kisa hiki ndo nilielewa kwamba kioo chake hakisemi umefanya kosa lile lile kwa ukubwa ule ule, kinasema tafuta punje. Mwenzio ana gunia, wewe una punje, na gunia umeonyeshwa ili uione punje.

Basi nikarudi kwenye luku yangu nikatafuta punje. Haikuchukua muda maana ilikuwa inanguruma kwenye kona ya chumba changu. Kifriji. Nilikinunua kwa mtu kama miezi mitano nyuma na, hapa ndo pabaya, nilikiingiza usiku. Nilijiambia nakiingiza usiku kwa sababu ya foleni. Foleni gani saa tano usiku. Hela ya luku sikuongeza hata mia, na nilikuwa nimeshamhesabia yule mama pasi zake kwa wiki nzima bila kukihesabu kitu ambacho hakizimwi usiku na mchana. Kwa hiyo kwa mtu kama mimi, mwepesi wa kunyoosha kidole, kioo cha Baal Shem Tov kinafanya kazi haraka sana na hakihitaji kitabu wala mwalimu wala kikundi, dakika tano tu na ukweli kidogo.

Sasa sifa nimeimwaga, niseme na ubaya wake. Kioo hiki ni kikali na kuna watu hakiwafai kabisa kuanza nacho. Rafiki yangu mmoja alikuwa na bosi anamtukana mbele ya wateja, nikamwambia kwa kiherehere changu kuhusu kioo, yeye ni wale watu ambao hata wakikanyagwa daladalani wao ndo wanaomba samahani, akaenda kukaa wiki mbili anatafuta ndani yake ni wapi yeye anatukana watu. Hakupata kitu akaamua basi lazima kiko ndani sana. Nilijuta. Dawa ya kuzuia kuharisha nimempa mwenye kufunga choo.

Wahasidi wenyewe wanajua hili, na ukitaka kioo chao kichukue pamoja na Tanya, kitabu cha rabi wao Shneur Zalman kilichotoka 1796. Sura ya 30 pale anachukua neno la Hillel, mwalimu wa kale wa Kiyahudi, usimhukumu mwenzio mpaka ufike mahali pake, anasema mahali pake ndipo panapomponza, kuna mtu riziki yake ni kushinda sokoni siku nzima, macho yake yanaona kila kitu, vita yake siyo sawa na ya aliyekaa ndani na vitabu. Pasi ya fundi cherehani hiyo. Anapiga pasi kwa sababu ndo anachokula, mimi kifriji nimeweka soda.

Sasa Ashlag. Huyu ni mtu tofauti na ukimsoma baada ya Baal Shem Tov unahisi umetoka kwenye ngoma umeingia maabara. Yehuda Ashlag alizaliwa Poland 1885, miaka ya mwanzo ya 1920 akahamia Jerusalem, akafariki 1954. Wanamwita Baal HaSulam, mwenye ngazi, kwa sababu ya ufafanuzi wake wa Zohar alioupa jina Ngazi. Kwenye moja ya dibaji zake za Zohar anaandika kitu ambacho mara ya kwanza nilikisoma mara tatu: tunaona mbele yetu dunia pana imejaa kila kitu, kumbe yote tunayaona ndani yetu, nyuma ya ubongo kuna kama mashine ya kupiga picha inachora kila kinachotutokea, na humo humo tumewekewa kama kioo kilichosuguliwa kinachogeuza picha ili tuione kama iko nje mbele ya uso. Kilichoko huko nje kilivyo chenyewe hatuna namna ya kukijua. Hasemi hakipo, watu wengi wanamlisha maneno hayo, anasema hatukigusi, tunagusa picha tu.

Na hiyo kamera inaendeshwa na nini? Hapo ndo moyo wa mafundisho yake. Anasema binadamu ameumbwa na kitu kimoja, utashi wa kupokea, tamaa ya kujaza nafsi yake. Mungu ni utoaji mtupu. Umbali kati yetu na yeye haupimwi kwa kilometa, unapimwa kwa kutofanana, kama watu wawili wanaopenda kitu kimoja tunasema wako karibu hata kama mmoja yuko Muscat mwingine Kigoma, na wanaochukiana wako mbali hata wakigawana ukuta. (Mimi na fundi tunagawana ukuta.) Nuru yenyewe haibadiliki, kinachobadilika ni chombo kinachoipokea. Cordovero wa Safed alishautolea mfano miaka 400 kabla, jua likipita kwenye vioo vya rangi rangi, mwanga ni ule ule mmoja ila ukutani unaona nyekundu na kijani. Mi huwa nauweka kwa lugha ya nyumbani kwetu: umeme ni ule ule, kwenye taa unakuwa mwanga, kwenye pasi moto, kwenye kifriji baridi.

Kwa hiyo ukimpelekea Ashlag kesi ya luku hakutumi kutafuta kifriji. Hiyo ndo tofauti kubwa na watu wengi inawapita. Baal Shem Tov anakuuliza ni wapi na wewe unaiba uniti. Ashlag anakuuliza kwa nini kabisa huyu mama umemwona kama mwizi wa uniti wakati siku ile alipokushonea shati bure ulimwona kama malaika, ni mama yule yule, pasi ile ile, kilichohama ni faida yako. Tamaa yako ndo mpiga picha. Kifriji ukikitoa leo, kesho kamera ile ile itakupigia picha mbaya ya maji au ya zamu ya kufagia uwanja. Yeye anataka kamera ibadilishwe, utashi wa kupokea ugeuzwe nia uwe kwa ajili ya kutoa, na hapo anasema ndipo mtu anaanza kuhisi dunia nyingine, bila kuhama popote.

Kinatisha kidogo eh. Na kina gharama. Baal Shem Tov unaweza kumfanya peke yako ukiwa unasubiri daladala, Ashlag huwezi. Kitabu chake cha sefiroti kumi, zile hatua ambazo nuru ya Mungu inashukia, kina sehemu 16, siyo cha kusomea kitandani. Halafu anasisitiza watu, kwenye maandiko yake ya 1933 anaijenga Torati yote juu ya mpende jirani yako kama nafsi yako, kwa hoja kwamba Mungu huwezi kujipima kwake maana hana shida na chochote chako, ila jirani ana shida, kwa hiyo jirani ndo uwanja wa mazoezi. Aliamini hivyo mpaka kwenye siasa, 1940 alitoa gazeti lake Jerusalem, likatoka toleo moja tu, Waingereza waliokuwa wanatawala wakalifunga. Watu wake mpaka leo wanasoma kwa vikundi. Ukiwa huna kikundi, au una kikundi lakini kinachokudai hela na utii kuliko kinavyokufundisha, mi nakushauri umsome taratibu kama msomaji tu na usijiite mwanafunzi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho Ashlag anamshinda Baal Shem Tov na ndo maana nampendekeza kwa wale wa kujilaumu kama rafiki yangu. Yeye hakutwishi kosa lako binafsi. Utashi wa kupokea siyo dhambi uliyoifanya Jumanne, ndiyo malighafi uliyotengenezwa nayo, ndiyo kitu pekee kilichoumbwa, na bila hiyo hakuna wa kupokea nuru yoyote. Mtu anayejipiga kila siku akisoma hapo anapumua. Ah, kumbe siyo mimi tu, ni kiumbe. Rafiki yangu nilimpa kurasa kadhaa za hapo akaniambia kwa mara ya kwanza amesoma kitu cha dini hakikumfanya atake kujificha chini ya meza. Ya bosi tutayarudia.

Wa tatu watu wanamsahau na mimi ndo nampenda kuliko wote. Moshe Cordovero, aliishi 1522 mpaka 1570 kule Safed, Galilaya. Ana vitabu vizito lakini ana kimoja kidogo, Mtende wa Debora, unakimaliza jioni moja, jina limetoka kwa yule nabii Debora wa Waamuzi aliyekuwa anakaa chini ya mtende. Huyu anapindua swali. Hawa wengine wanasema angalia nje ujue ulivyo ndani. Cordovero anasema acha kukagua, igiza. Mungu yukoje? Kuwa hivyo, na dunia ya juu nayo itafunguka hivyo kwako. Anachukua mistari ya Mika 7:18 mpaka 20, anatoa humo sifa 13 za rehema, na ya kwanza ni hii: Mungu ni mfalme anayetukanwa na anavumilia, maana hakuna dakika mtu hapewi nguvu kutoka kwake, hata dakika ile ile anayoitumia kumkosea, mkono unaokosea unapewa nguvu na yeye, angeweza kuukausha palepale na hafanyi hivyo.

Mimi nilicheka peke yangu niliposoma hapo. Yaani Mungu anakulipia luku unamtukana kwa taa yake, na hakati.

Na sifa ya nne anasema roho za watu wake zimeingiliana, ndani ya huyu kuna sehemu ya yule na ndani ya yule kuna sehemu ya huyu. Anazungumzia Israeli hapo, nisimlishe maneno. Lakini ukikaa nalo unaona hapa ndo kioo cha Wahasidi kilipopata msingi wake, kwamba jirani anaweza kukuonyesha kitu chako kwa sababu kweli ana kipande chako, hajawekwa hapo kama kioo cha saluni. Kwa kesi ya luku Cordovero hana uchunguzi, ana kazi ya mikono: ikikata kabla ya zamu yako, nunua wewe, washa, usitangaze. Kwa mtu mwenye hasira za karibu, au aliyechoka na kujichunguza chunguza, huyu ndo wa kuanza naye, namsema bila kupepesa.

Isaac Luria, yule maarufu wa Safed, nampitia haraka. Alikaa Safed kama miaka miwili tu akafariki 1572 ana miaka 38, na yale mafundisho ya vyombo vya nuru ya Mungu vilivyovunjika na cheche zake zikatawanyika duniani ni ya kwake, kila kitu unachokutana nacho kina cheche inayosubiri uiinue, mwanafunzi wake Chaim Vital ndo aliyeandika. Vital anasema mwalimu wake aliweza kusoma dhambi za mtu kwenye paji la uso, kwa hiyo huko ndani kunatoka nje kabisa na kuandikwa kwa herufi. Ni kuzuri kusoma. Ila kuanza na huyu ni kujifunza kuogelea mkondo wa Nungwi, viongozi wa jumuiya za Kiyahudi walikutana mji wa Brody mwaka 1756 baada ya vurugu za wafuasi wa Jacob Frank, aliyejidai masihi, wakaweka sheria maandiko ya Luria mtu asiyaguse kabla ya miaka 40. Walikuwa na sababu zao.

Na kama haya ya roho na cheche hayakuingii kabisa, kuna njia kavu. Menachem Mendel Lefin alitoa kitabu 1808, Hesabu ya Nafsi, siyo Kabala ila lengo linakaribiana: tabia 13, kila tabia wiki moja, unaweka alama kwenye daftari kila siku, mara nne kwa mwaka maana 13 mara nne ni 52. Njia yenyewe alimwigiza Benjamin Franklin, Mmarekani yule wa radi. Watu wa daftari na kalamu wataipenda. Mi niliacha wiki ya pili.

Sasa turudi kwenye ile ya bosi na mambo yanayouma kweli, maana hapa ndo uchaguzi unapokuwa wa hatari. Huko mitandaoni kuna watu wanachukua kioo hiki wanakigeuza sheria ya mvuto, fikiria gari upate gari, na ukipata ugonjwa basi ulikuwa unatetemeka mawimbi mabaya. Wanaweka na neno Kabala juu ili linukie udi. Kumweka Ashlag hapo ni kumgeuza kichwa chini, yeye hiyo hamu ya gari kwa ajili yako ndo ugonjwa wenyewe aliotumia maisha yake yote kuuelezea, wao wanaiuza kama dawa.

Na hilo la kumwambia mgonjwa kwamba ndani yake ndo kumemletea, Talmud ina jibu la moja kwa moja. Ni kweli inasema mtu akiona mateso yanamjia achunguze matendo yake. Achunguze yeye, ya kwake. Lakini kwenye Bava Metzia 58 pameandikwa mtu akijiwa na mateso au magonjwa au akizika watoto wake, ni marufuku kumwambia kama rafiki zake Ayubu walivyomwambia, kumbuka ni nani aliyewahi kuangamia bila kosa. Wameihesabu kwenye fungu la kumdhulumu mtu kwa maneno. Na mwisho wa Ayubu Mungu anawakasirikia rafiki, siyo Ayubu. Kwa hiyo kipimo changu cha mwalimu yeyote wa mambo haya ni kimoja tu, kioo anakishika kaelekeza wapi. Akikielekeza kwako wakati unalia, chukua viatu vyako uondoke. Rafiki yangu mwenye bosi mwishoni alihama kazi, na hakuna mahali kwenye vitabu vyote hivi nilipoona wanasema usihame.

Watu wananiuliza kama unaweza kuchanganya. Mi nachanganya, ila kwa zamu. Nikikasirika kwanza namfanya Cordovero maana mikono ikiwa na kazi mdomo unatulia, kesho yake kichwa kikipoa ndo namwita Baal Shem Tov aniambie nimeficha nini, na Ashlag namwachia Jumapili jioni nikiwa na chai na hakuna anayenidai. Nikimtanguliza Baal Shem Tov kwenye hasira nikiwa bado moto huwa najidanganya, naona punje yangu ndogo sana na gunia la mwenzangu kubwa sana, naitumia punje kama risiti ya kumdai gunia. Kama wewe siyo mtu wa hasira ila ni mtu wa huzuni geuza, anza na Ashlag, Baal Shem Tov aje mwishoni kabisa au asije.

Kifriji nilikitangaza. Nilisubiri wote wapo uani nikasema jamani nina kifriji, kuanzia mwezi huu naongeza elfu tano, nikategemea kelele. Yule mama akaangua kicheko akasema tunajua jirani, tunakisikia usiku, sisi tulikuwa tunasubiri siku utakayotukaribisha maji baridi. Miezi mitano wananisikia. Uniti bado zinakata wiki ya tatu, sijui zinaenda wapi, kijana wa chumba cha pili siku hizi namwona amekuja na boksi refu limefunikwa shuka.

Ameliingiza usiku.